Tunda la Kulinda Mti

Chinatsu wa ghorofa ya nane, jirani yetu, hapendi makundi ya watu. Msimu wa majani kugeuka mekundu, Kyoto haipitiki. Watu wanapigana vikumbo mahekaluni, na hata kikombe cha chai unakipangia foleni. Ndiyo maana mwaka ule yeye na mumewe Kohei walikodi gari wakapanda milimani, kusikokwenda mtu. Waliondoka asubuhi na vibumba vya wali kikapuni, wakitaniana njia nzima.

Baada ya handaki refu walikuta kijiji kilichohamwa. Nyumba zimepigiliwa mbao, mashamba yamemezwa na nyasi. Nyumba moja tu ilikuwa inafuka moshi. Mbele yake ulisimama mti wa kaki, yale matunda matamu ya huko yanayofanana na nyanya, umepukutika majani yote, na juu lilining'inia tunda moja, jekundu, limeiva.

"Bibi yangu naye alikuwa anaacha moja mtini," Kohei alisema. "Ati lilinde mti mpaka mwakani."

"Basi liache."

"Limlindie nani, bibiye? Hapa hata paka wa kuiba hamna."

Akaparamia, akalichuma. Kohei alikuwa na maringo yake katika kumenya matunda: ganda lote hutoka utepe mmoja, halikatiki. Alimvisha mkewe ule utepe mkononi kama bangili, kisha akala. Chinatsu alikataa hata kuonja. Ubaridi ulikuwa umeshamwingia moyoni, na hakujua kwa nini. Moshi wa ile nyumba ulikuwa umekoma.

Waliporudi kwenye gari, kiti cha nyuma kilikuwa na mtu.

Alikuwa bibi kizee aliyevaa nguo za safari, furushi mapajani, mkanda kaufunga. Milango walikuwa wameifunga wenyewe kwa ufunguo.

"Samahani kwa usumbufu," alinong'ona, akainamisha kichwa. "Nani kalila?"

"Mimi, bibi. Nilidhani halina mwenyewe. Unisamehe."

"Ahsante, mwanangu. Nimesubiri sana."

Wakadhani upweke umemchanganya. Wangemnyimaje lifti mtu mzima? Chinatsu akashika usukani. Kona, msitu, kona. Ikatokea nyumba. Ukatokea mti. Kohei akamcheka kwamba hata barabara moja inampoteza. Akaendesha tena. Msitu, kona, mti. Safari hii hakuna aliyecheka. Jua lilikuwa bado linawaka, na handaki halikuwapo.

"Bibi," Chinatsu aliuliza kwa sauti ndogo, "njia ya kutokea ni ipi?"

"Ipo. Ila kijiji hakiachwi kitupu, mama. Lazima abaki mmoja."

Walizunguka tena. Na tena. Mti ulikuwa unawasubiri kila kona, mtupu.

"Simamisha," Kohei alisema. "Nishuke niangalie njia."

Chinatsu alimng'ang'ania mkono wa koti. "Usishuke. Tulale humu humu, tufe humu, lakini usishuke."

"Hapo kwenye kona tu. Sipotei."

Aliinua vidole vya mkewe kimoja kimoja, taratibu. Alikuwa ameshaelewa. Chinatsu aliliona hilo machoni mwake. Kohei akashuka. Akafunga mlango.

Mlango ulipofungika tu, mbele ya gari palikuwa na handaki.

Chinatsu aligeuka nyuma. Hapakuwa na barabara. Ilikuwa misonobari mitupu, imesongamana. Alimwita mumewe mpaka sauti ikakauka. Mjini, kwenye kituo cha basi, bibi alishuka, akainama mpaka chini kumshukuru, akaenda zake.

Waokoaji walikifikia kijiji. Kwa mbali waliona moshi. Walipoingia ndani, jiko lilikuwa la baridi na hapakuwa na mtu. Chinatsu mwenyewe amepanda kule mara nyingi. Kila mara barabara humtoa upande wa pili wa mlima, na kijiji hakioni.

Mwaka huu, majani yalipogeuka, tulimkuta amechuchumaa mlangoni kwake. Kwenye kitasa palining'inia kamba ya matunda ya kaki, yamemenywa tayari kwa kukaushwa. Chini, juu ya zulia la kupangusia miguu, kulikuwa na ganda moja, utepe mrefu usiokatika, bado bichi, limefungwa duara.

Alilivaa mkononi mbele yetu. Lilimtosha.