Nani wa Kunitua

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya vichaka vya Mnyambe wakati Sijaona alipojitwika mtungi na kushika njia ya bondeni. Watu wenye akili zao huteka maji alfajiri. Huku juu Newala hakuna kisima wala kijito. Maji yako chini kabisa, na mteremko wake hata mbuzi huusitia. Lakini binti huyu alikuwa na sababu yake. Sababu yenyewe alikuwa ameifunga kwenye jani la mgomba na kuitumbukiza ndani ya mtungi: bonge la ugali wa muhogo na njugu mawe za kuchemsha.

Chakula cha Nurdini, kaka yake.

Nurdini alikuwa miongoni mwa vijana walionyweshwa dawa ya vita, yale maji waliyoambiwa kwamba yatazigeuza risasi za Mjerumani ziwe matone. Basi risasi zilibaki risasi. Alirudi kutoka Masasi na tundu begani, akapitiliza hadi bondeni bila hata kuingia nyumbani. Askari walikuwa wakizunguka kijiji kwa kijiji kuwasaka waliosalia, na aliyekamatwa alifungwa mnyororo akapelekwa Lindi kunyongwa. Hilo Sijaona alilijua. Kila jioni aliposhuka alilijua.

Nurdini alikuwa amempa masharti siku alipomtokea kisimani mara ya kwanza. Wote wawili walilelewa na Bibi Kibibi, na tangu wangali wadogo Bibi aliwaambia kwamba bondeni jioni kuna kitu kinachoita watu kwa sauti za ndugu zao. Kinaweza kukuita jina. Kinaweza kulia, hata kupiga mayowe. Kuimba ndiko kisikokuweza.

"Ukifika kwenye Jiwe, imba wimbo wa mtungi," Nurdini alimnong'oneza. "Nikisikia wimbo nitatoka. Nikisikia unaniita kwa jina au unapiga kelele, nitajua si wewe. Nitakimbia. Na usimwambie mtu."

"Hata Mjomba?"

"Hata Mjomba."

Neno hilo lilimuuma. Kwao, mama akifa, mjomba ndiye kila kitu; ndiye mwenye watoto, ndiye mwenye kauli. Mjomba Shamte ndiye aliyewazika wazazi wao, na ndiye aliyemshika Nurdini mkono kumpeleka jandoni. Lakini kaka akisema, amesema.

Wimbo wenyewe kila mwanamke wa huku anaujua. Ukipanda kutoka bondeni, shingo imekufa ganzi, unaimba:

*Nitue, kaka, nitue,*
*shingo yangu imechoka,*
*nani wa kunitua?*

Na ndugu wa kiume anayekusikia, hata awe anakula, huacha akaja kukushusha mtungi. Asiyekuja watu humcheka mpaka anahama.

Sijaona akashuka. Jiwe liko katikati ya mteremko, bapa, ndipo wanawake hupumzika. Alikuwa bado hajalifikia. Ndege walikuwa wamenyamaza. Upepo nao... umenyamaza.

Krrr... krrr...

Kitu kilikwaruza huko chini kisimani. Kisha mtu akaanza kuimba.

*Nitue, kaka, nitue...*

Sijaona akasimama. Sauti ilikuwa nyembamba, kama inatoka ndani ya chungu, lakini aliijua. Aliijua jinsi inavyopanda kwenye "nitue" na kukatika kidogo kwenye "shingo", kwa sababu pale pumzi yake humwishia siku zote.

Ilikuwa sauti yake.

Akaweka mkono mdomoni. Mdomo ulikuwa umefumbwa.

*...shingo yangu imechoka...*

Katikati ya wimbo jogoo akawika. Mara moja, kwa sauti mbovu, akakatiza. Jogoo, bondeni, jioni! Kisha upepo ukarudi, ukamletea harufu ya nta, kama mtu amepasua mzinga wa nyuki.

Sijaona hakungoja ubeti uishe. Mtungi ulimponyoka ukapasuka, ugali ukabingirika kwenye majani, naye akapanda ule mteremko kwa mikono na miguu.

Bibi Kibibi alimsikiliza huku akiusogeza moto karibu. Alipomaliza, Bibi akamshika kidevu, akamtazama ndani ya mdomo.

"Wameanza na sauti," alinong'ona. "Anayetaka kukufanya ndondocha huanza hapo. Akishakuwa na sauti yako, mwili unafuata wenyewe. Utamlimia shamba lake usiku na hutaweza kumwambia mtu."

"Bibi, nani ananitaka mimi?"

"Mchawi hatoki mbali, mjukuu wangu."

Mlango ukasukumwa. Sijaona akaruka, lakini alikuwa Mjomba Shamte, anayekaa ng'ambo ya ua, na kidibwi, kikopo chake cha ugoro, mkononi.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unatetemeka?"

Kwa huruma iliyokuwa kwenye sauti ile, hata wewe ungesema. Binti alilia, akamweleza yote. Nurdini yuko hai. Yuko bondeni. Kuna kitu kimeiba sauti yake na kinamwita.

"Uliisikia wapi?" Mjomba aliuliza taratibu.

"Kisimani."

"Na wewe huimbia kisimani?"

"Hapana, Mjomba. Kwenye Jiwe. Kwingine hawezi kutoka."

Mjomba Shamte akafungua kidibwi. Akavuta ugoro, akafuta pua.

"Umefanya vizuri kuniambia," alisema. "Mzigo huu si wa mtoto wa kike. Kesho usishuke. Chakula chake nitapeleka mimi."

Usiku ule Sijaona alilala usingizi mzito. Tangu vita viishe ilikuwa mara yake ya kwanza kulala bila kushtuka. Alijisikia kama aliyetuliwa mtungi, masikini, na aliyemtua ni mjomba wake.

Kesho yake jioni alikuwa akitwanga mtama uani. Mjomba alikuwa ameshaondoka na kikapu. Jogoo wa Bibi akaruka juu ya kinu kilichovunjika, akanyoosha shingo, akawika.

Mara moja. Kwa sauti mbovu. Akakatiza.

Mchi ukabaki juu.

Jogoo yule jirani yao Isabela alikuwa amemtupia kuni shingoni siku alipomlia mtama, na tangu hapo huwika hovyo, nusunusu. Newala nzima hakuna mwingine. Sasa alifikaje bondeni jana, ndani ya wimbo?

Sijaona akarudi nyuma kwa mawazo. Alikuwa ameuimba lini wimbo ule, jogoo huyu akiwa karibu? Bondeni jogoo hajawahi kufika. Akakumbuka.

Ua wa Mjomba. Juzijuzi. Kulikuwa na mgeni, Mzungu mwenye miwani aliyepiga kambi njia ya Tandahimba, na mbele yake sanduku lenye tarumbeta la shaba, linalokwaruza krrr... krrr... "Mzungu anapenda nyimbo zetu," Mjomba alimwambia. "Imba ule wa mtungi, mwanangu, ule ninaokusikia ukiuimba bondeni jioni, usione haya. Sogea karibu na tarumbeta." Akaimba. Jogoo akawika katikati, wote wakacheka. Mzungu akachomoa ndani ya sanduku kitu mviringo, cha rangi ya kahawia, akakifuta kwa kitambaa kama yai. Kilinuka nta.

Hakuna mchawi aliyeingia usiku kuiba sauti yake. Aliombwa mchana, na mjomba wake, akaitoa kwa hiari huku akicheka.

Alitupa mchi akakimbia.

Alipofika nusu ya mteremko sauti ilikuwa imeshaanza. Mara hii haikuwa kisimani. Ilikuwa kwenye Jiwe.

*Nitue, kaka, nitue...*

Akachungulia kati ya majani. Mjomba Shamte alikuwa amechuchumaa nyuma ya Jiwe, ameshika sanduku lisiteleze. Mzungu yuko ubavuni pake. Askari wamelala kifudifudi kwenye nyasi pande zote mbili. Kikapu cha chakula kilikuwa kitupu. Hakikuwa na chochote tangu nyumbani.

Ng'ambo, kichaka kikatikisika.

Nurdini alitoka. Alikuwa amekonda, macho yameingia ndani, mkono mmoja ameufunga kifuani. Alikuwa akitabasamu. Jana alikosa chakula, na leo dada amekuja.

Sijaona akafungua mdomo. Aimbe? Akiimba atamharakisha. Kilichobaki kilikuwa kupiga kelele, na kelele ndiyo aliyokatazwa. Akapiga.

"Nurdini! Kimbia! Nurdini, si mimi!"

Nurdini akainua uso. Akamwona dada yake juu kwenye mteremko, gizani, nguo zimechanika, anapiga mayowe na kumwita jina. Na pale kwenye Jiwe, dada yake anaimba kwa utulivu, anaomba atuliwe mtungi.

Uso wake ukajaa hofu.

Alimwogopa yeye.

Akageuka, akakimbia kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Alikimbilia wimbo.

Askari wakainuka.

Sijaona hakumbuki alivyoshuka. Alimkuta Mjomba amesimama, hamtazami Nurdini anavyofungwa, wala Sijaona hamtazami.

"Mjomba, kwa nini?"

"Mimi ndiye niliyewaletea yale maji hapa kijijini," alisema, midomo haifunguki sawasawa. "Wajerumani wamejua. Wakasema nitoe mtu, au nitoe shingo yangu. Ningefanyaje, mwanangu?"

"Usiniite mwanangu."

Akalivamia sanduku. Akaking'oa kile kitu cha nta, kilikuwa na vuguvugu kama mwili wa mtu, akakipiga kwenye Jiwe. Kilivunjika vipande vipande. Wimbo ukakatika kwenye "shingo".

Na papo hapo kitu kikamkaba kooni. Akataka kumwita kaka yake kwa mara ya mwisho, amwambie ni yeye, ni yeye wa kweli. Midomo ilitembea. Ulitoka upepo mtupu.

Nurdini alipelekwa Lindi akimtazama vilevile, kwa woga. Hakurudi. Mjomba Shamte alifanywa jumbe wa kijiji, akapewa kanzu nyeupe na kiti cha kukunja, akafanya karamu. Yule jogoo mbovu akachinjwa kwa karamu hiyo. Mzungu akaenda zake na sanduku lake. Waganga walimchanja Sijaona shingoni, wakamnywesha mizizi; sauti haikurudi. Watu wakasema ni mshtuko. Bibi Kibibi aliendelea kumchungulia mdomoni.

Mvua zikaja, zikaisha. Jioni moja watu wakiwa wamekaa nje...

Krrr... krrr...

*Nitue, mjomba, nitue...*

Ilitoka bondeni. Isabela akaingia ndani akafunga mlango. Sijaona akasimama uani, akaweka mkono mdomoni, maana alikuwa hajawahi kuimba "mjomba". Katika maisha yake yote aliimba "kaka". Katikati ya wimbo jogoo akawika, mara moja, akakatiza.

Jioni ya pili ikaimba tena, karibu zaidi. Jioni iliyofuata, kwenye Jiwe.

Mjomba Shamte aliingia kwa Bibi bila kubisha hodi. Kanzu imechafuka. Alipiga magoti mbele ya binti aliyestahili kumpigia yeye.

"Sijaona. Niimbie. Hata neno moja, nijue kwamba sauti iko kwako."

Sijaona akafungua mdomo. Upepo.

"Nimeziba masikio kwa nta," alisema Mjomba, akicheka na kulia. "Ikawa inaimba ndani ya nta. Siwezi kukaa. Inaomba ituliwe tu. Nikiitua itanyamaza, eti? Itanyamaza?"

Akatoka. Sijaona angeweza kumshika kanzu. Pindo lilipita karibu na mkono wake. Aliliangalia likipita. Hakumsamehe, na sitaki kukudanganya kwamba alijaribu.

Walisikiliza, yeye na Bibi, moto ukiwa kati yao. Wimbo uliendelea, ubeti baada ya ubeti. Kisha ukakatika katikati ya neno, pale pale ambapo mwanamke huacha kuimba akishatuliwa mtungi.

Kimya.

Sijaona akakohoa. Kitu kilifunguka kooni mwake, chenye ladha ya nta. Akameza mate.

"Bibi," aliita.

Ilikuwa sauti yake. Nzima, safi, kama ilivyokuwa zamani. Machozi yakamtoka kwa furaha, akanyoosha mikono.

"Bibi, imerudi! Bibi Kibibi!"

Bibi hakuitika. Alikuwa ameshasogea hadi ukutani, na kijinga cha moto amekishika mbele yake kwa mikono miwili.

"Imba kwanza," alinong'ona.