Fundi na Pini Sita Mdomoni

Nyumbani kwetu asubuhi huanza na cherehani. Kabla chai haijachemka, mkamwana wangu ameshaketi chumba cha mbele, mguu kwenye kanyagio, anashona. Mtaani wanamwita Fundi, nami mama mkwe wake namwita hivyohivyo. Mama wakwe wengi wana mabaya ya kusema juu ya wakamwana wao. Mimi nilijaribu, nikakosa. Mkasi mkononi mwake unakwenda kama uliotumwa. Akipinda ukingo wa gauni, utautafuta mshono mpaka uazime miwani.

Kasoro yake ilikuwa moja tu, nayo ni ya mafundi wengi. Mdomo wake ulikuwa sanduku la kazi. Akishona, pini sita amezibana kwa midomo. Akitaka kutunga uzi, anailamba ncha kwanza, ndipo aipitishe kwenye tundu la sindano. Hivyo kutwa nzima.

Kiangazi kilipoingia, midomo ikakauka. Ikaota magamba, ikawa kama msasa. Mambo ya chumbani mwa watu mimi siulizi, lakini mwanangu, mumewe, alikuwa na mikwaruzo shavuni.

Nikaamua kumtibu. Nilikuwa na kibati changu cha dawa ya kuchua, nikampaka midomoni.

"Mama, inawasha!" Fundi alilia.

"Ikiwasha ujue inafanya kazi," nikamwambia.

Kesho yake nikamsugua midomo kwa sukari na mswaki ili magamba yatoke. Yakatoka, yakatoka na ngozi. Midomo ikapasuka.

Wiki hiyohiyo Matroni, mkuu wa wauguzi wa hospitali, alikuja kuchukua gauni jeupe la muuguzi. Lilikuwa la mfano. Likimpendeza, Fundi angepewa kazi ya kushona mengine arobaini. Kazi kubwa namna hiyo hajawahi kuipata tangu aanze kushona.

Matroni alilitazama gauni mbele na nyuma. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akageuza kola.

"Hiki nini?"

Palikuwa na kitone chekundu, kidogo sana. Fundi akajigusa mdomo. Kidole kikarudi na damu.

"Ni uzi, Matroni. Niliulamba."

"Mwanangu, damu wauguzi wataipata kazini. Wasiikute kwenye nguo mpya," Matroni alisema. "Mshono wako sijauona kwa mwingine. Nakupa wiki tatu, unishonee jingine. Likiwa safi, arobaini ni yako. Likiwa na alama, nitatafuta fundi mwingine. Sasa toa hizo pini nikutazame. Unapaka nini?"

Fundi akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari.

"Bibi, hebu kilete hicho anachopaka," akasema Matroni.

Nikakileta kibati. Akasoma maandishi madogo ya nyuma, yale ambayo mimi huyaruka.

"Kafuri. Mentholi. Manukato ya limau. Bibi, hii ni dawa ya nini?"

"Ya magoti."

"Na mkweo ana magoti mdomoni?"

Nikanyoosha mkono nirudishiwe kibati changu.

Matroni akavuta kigoda, akakaa. Alieleza taratibu, bila kutudharau, na tangu siku hiyo nampenda.

"Ngozi ya mdomo ni nyembamba, nayo haijitengenezei mafuta. Kuwasha si kupona. Ni ngozi inalalamika. Kafuri na mentholi huchoma midomo iliyopasuka. Manukato nayo yanaweza kuichokoza."

"Na mate?" Fundi aliuliza. "Mbona nikilamba napata nafuu?"

"Nafuu ya dakika moja. Mate yakikauka, huondoka na unyevu wako. Tena kazi ya mate ni kulainisha na kusaga chakula. Hayajui kwamba mdomo wako si chakula."

"Sasa nipake nini?"

"Mafuta ya mgando, yasiyo na harufu wala rangi. Hufunika kama kifuniko cha sufuria, unyevu usitoroke. Nta ya nyuki, siagi ya shea na mafuta ya nyonyo nayo ni mazuri. Glisirini huvuta maji, lakini usiipake peke yake. Tafuta iliyochanganywa na mafuta. Ukienda juani, paka yenye zinki, hukinga jua. Na chochote kikikuwasha, kiache."

"Na magamba, niyabandue? Mama aliyasugua kwa sukari."

"Usiyaguse. Yatadondoka yenyewe. Sukari itieni kwenye chai. Maji unywe ya kutosha. Pini nazo zihame, chuma kinakwaruza. Ukimeza moja, nitakupokea hospitali na nguo zangu hazijaisha! Wiki tatu zikipita bila nafuu, au pakivimba au kutoa usaha, njoo tukuone."

Siku hiyohiyo nikashona kimto kidogo, nikakijaza vipande vya vitambaa. Pini zikahamia humo. Kwenye kisahani tukaweka sponji yenye maji, ya kulowesha ncha ya uzi.

Msidhani ilikuwa rahisi. Mkono una mazoea yake. Siku ya kwanza ulipanda mdomoni mara thelathini na moja. Najua, kwa sababu nilikaa mbele yake na rula.

"Mdomo!" nilipaza sauti, nikigonga cherehani kwa rula.

"Mama, utanitia wazimu!"

"Wazimu hautii damu kwenye kola."

Alipaka mafuta kila akinawa uso, kila akimaliza kula, na kabla ya kulala. Siku ya nne maumivu yakapungua. Wiki ya pili ulibaki mstari mdogo pembeni. Alisubiri mpaka nao ukafunga, ndipo akagusa kitambaa cheupe.

Matroni alikuja siku aliyosema. Akageuza kola. Akageuza mikono, mifuko, pindo. Akalipeleka gauni dirishani kwenye mwanga. Fundi hakupumua. Mimi nilipumua kwa niaba yake.

"Kitambaa cha magauni arobaini kitaletwa kesho," alisema Matroni.

Miezi miwili baadaye nilikwenda hospitali kumjulia hali jirani. Wauguzi walipita ukumbini wawili wawili, magauni meupe kama maziwa, kola zimesimama. Nikamshika mmoja mkono.

"Binti, nani kakushonea hii?"

"Fundi mmoja, Bibi. Hana mfano."

"Na mama mkwe wake je?"

"Huyo sijapata kumsikia."

"Kaa hapa," nikamwambia. "Nikusimulie."