Picha ya Pili ya Diane

Mtaa mzima wa Greyville, huku ugenini, unajua kwamba mimi huongeza chumvi. Hii sikuiongeza kitu. Laiti ningeweza kuipunguza.

Jumamosi asubuhi jirani yangu Marcelline alikwenda mtaa wa Overport kumwogesha Papa Ruphin, mzee anayemtunza. Enzi za vita huko kwao Kongo, Ruphin alikuwa balozi mdogo wa nchi jirani. Jeshi la kigeni lilipouteka mji, wenzake walikimbia. Yeye alibaki akinywa chai na makamanda. Watu walimwendea wapate hati ya kuvuka mpaka. Mwalimu Vénérand, babake Marcelline, alimpelekea picha mbili za pasipoti kama ilivyo desturi, akapata hati, akaondoka, asionekane tena. Familia haikukaa matanga, kwa kuwa hapakuwa na maiti.

Marcelline alimwogesha mzee kwa upendo. Aliamini ndiye aliyejaribu kumwokoa babake. Juzi tu alikuwa amempa picha mbili za Diane, bintiye pekee, amwandikie barua ya kuombea hati ya kuishi nchini.

"Papa, karatasi ya Diane imefika wapi?"

"Inatembea, mama. Niletee soksi."

Chini ya soksi palikuwa na kopo la biskuti. Ndani, nyuso. Mamia. Kila moja na muhuri wa zambarau usoni. Vénérand, na tai yake ya Jumapili.

Juu kabisa, Diane. Picha moja. Haina muhuri.

"Papa," alinong'ona, "ya baba mbona iko huku?"

"Ya kwanza ilikaa kwenye hati. Ya pili nilipeleka kizuizini, wanajeshi wamjue haraka." Mzee alikohoa. "Walipomaliza, walinirudishia, imepigwa muhuri."

Maji ya beseni yalikuwa bado ya moto. Marcelline alipekua kopo hadi chini.

"Na ya pili ya Diane?"

"Walikuja jana kuichukua."

"Nani?"

"Walewale. Hata mmoja hajazeeka."

Alimpigia Diane simu. Haikupokelewa. Alipanda taksi kurudi Greyville akiwa na povu mikononi.

Mlango wa nyumba yao ulikuwa umefungwa kwa komeo, kwa ndani. Tuliuvunja mimi na yeye. Ugali ulikuwa unatoa mvuke. Kiti kimevutwa. Diane hakuwepo.

Kando ya sahani, ile picha ya pili. Na muhuri.

Polisi waliandika, wakaondoka. Marcelline hupakua chakula cha Diane kila siku. Ukimtajia matanga, anakufukuza.

Picha ile niliigusa kwa kidole hiki. Leo ni siku ya arobaini. Wino bado mbichi, na kidole hakitakati.