Mti Juu ya Garaji ya Absalom

Cheka. Cheka umalize, kisha ufunge mdomo usikilize. Nyinyi mliosoma mkavaa miwani, mkiambiwa kitu ambacho hamjakiona mnasema ni uongo. Hata ini lako hujawahi kuliona, lakini unalo.

Mwaka wa tisini na tatu, Seline wa Kondele alikuwa mjane wa mwaka mmoja. Marehemu mumewe Absalom, fundi wa magari, alimwachia garaji ya mawe na kufuli lake. Nyumba ya kulala ilikuwa ya shemeji yake Gordon, naye Gordon alikuwa ameanza kuacha viatu vyake mlangoni pa Seline, kama mtu aliyekwisha kumrithi. Seline akasema, kabla viatu hivyo havijavuka kizingiti, nitakuwa na mlango wangu mwenyewe. Akaamua kuweka chumba cha mbao juu ya garaji.

Absalom alipokuwa hai alikikataa chumba hicho miaka kumi na miwili. "Hakuna mwanamke atakayelala juu ya kichwa changu." Haya. Sasa kichwa kilikuwa kimezikwa Katito.

Fundi wa mbao alikuwa Saleh wa Kaloleni, mtu wa maneno machache na msumeno mkali. Akalaza boriti juu ya kuta, akapigilia sakafu, akasimamisha nguzo za futi saba, akaezeka mabati. Kazi safi. Kesho yake asubuhi Seline akapanda kupima pazia, akajikwaa. Sakafu ilikuwa imefura katikati kama andazi, wala msumari mmoja haukuwa umeng'oka.

"Saleh, umeniwekea mbao mbichi!"

"Mama, hizi zimekauka kuliko mimi."

Akabandua, akapigilia upya. Siku ya tatu ikafura tena, zaidi. Akabadilisha boriti zote. Ikafura. Safari hii Seline, na ufupi wake wote, aliposimama katikati utosi uligusa mabati. Akalia, na si kwa hofu, kwa hasira. Asubuhi ile alikuwa amevikuta viatu vya Gordon chini ya kitanda chake.

Adhuhuri walikuwa wamepiga magoti, wanachunguza mbao. Chini yao kukagongwa. Chuma kwa chuma. Ngo. Ngo.

"Nakuja!" Seline akaitika.

Kisha akajiziba mdomo. Miaka ishirini Absalom alikuwa akigonga spana hivyo hivyo akitaka chai.

Saleh akanong'ona, "Nani yuko chini?"

"Ufunguo ninao shingoni."

Ngo. Ngo. Mbao zikapanda chini ya magoti yao. Polepole. Kama mtu anayenyanyuka.

Wakakimbia hadi barabarani. Hapo ndipo Seline alipoinua macho. Kileleni mwa paa kulikuwa na mti umesimama wima, umechongwa ncha.

"Nani alikuambia uweke hiyo?"

"Ya kufungia antena, mama. Nimekuwekea bure."

"Mjinga wewe! Hiyo ni osuri! Kwetu mti ukisimama juu ya paa, ni kusema mwenye nyumba yuko hai. Akifa, unaondolewa. Umemwita!"

"Mama, sisi Kaloleni tunaona tivii tu."

Lakini Saleh alipanda, akaung'oa. Ndani ya garaji kukasikika kishindo kimoja. Sakafu ikalala sawa. Saleh akaondoka bila msumeno wake, na mpaka leo hajaufuata.

Seline akachemsha chai, akafungua garaji. Hakuna mtu. Vumbi la chini halikuwa na unyayo hata mmoja. Lakini juu, futi kumi kutoka chini, mbao mpya zilikuwa na alama ya grisi. Duara. Ukubwa wa utosi. Ilikuwa bado mbichi, na nywele mbili za mvi zilikuwa zimenata hapo.

Akaweka kikombe kwenye meza ya spana.

"Kunywa, Absalom. Hiyo ndiyo ya mwisho. Kuanzia leo nalala juu ya kichwa chako. Wewe na ndugu yako mtazoea."

Akageuka. Nyuma yake, ngo, ngo.

Hakuitika. Akatoka, akafunga mlango.