Simu Iliyoitika Mwaitu

Simu ya umma dukani kwa Mbinya, katika soko dogo nje ya Migwani, ilikuwa na tabia ya kukatika mtu akimsalimu mama yake.

Ungeweza kubishana bei ya mbuzi mpaka koo likauke, isikatike. Lakini ukisema tu "mwaitu", yaani mama yetu kwa Kikamba, kwisha habari. Mwaka huo wa 1988 simu hiyo haikuwa na waya wa kwenda mjini Kitui. Sauti zilirushwa kwa redio kutoka kwenye mlingoti nyuma ya duka. Malalamiko yalipozidi, akatumwa Kivuva, fundi wa simu, mtu mwenye imani kubwa sana na bisibisi yake.

Alipima betri. Akapanda mlingoti, akakaza antena, akashuka amechafuka na kuridhika.

"Ilikuwa kutu tu," alisema.

"Fundi, hiyo si kutu." Mbinya alipunguza sauti, ingawa duka lilikuwa tupu na jua lilikuwa kali nje. "Kuna mwanamke huko ndani. Mtu akisema mwaitu, anaitika 'Aa', sauti ya uzee. Halafu anasema, 'Si wewe,' anakata. Wengine wanasema ni jini. Mimi nasema ni iimu, roho ya mtu mwenye alikufa, anatafuta watu wake."

"Wee Mbinya, hizo ni laini mbili zimegongana. Wacha nipigie watu wangu usikie."

Akazungusha namba ya nyumbani kwake Kitui. Mkewe, Nzilani, alipokea, wakaongea vizuri bila hata mkwaruzo, kisha akamwita binti yao wa miaka sita aje amsalimu baba. Mtoto huyo alipewa jina la Ndululu, mama yake Kivuva, aliyekufa kabla hajamwona mjukuu. Na kama baba yeyote wa Kikamba aliyempa binti jina la mama yake, Kivuva hakumwita Ndululu hata siku moja; alimwita mwaitu.

"Wakya, mwaitu?" alisalimu kwa mazoea, akicheka.

"Aa," wakaitika wawili.

Mmoja alikuwa mtoto. Kivuva aliacha kucheka. Kwenye mkono wa simu ilitoka harufu ya kibuyu cha maziwa kilichofukizwa kwa mkaa, akasubiri aambiwe si yeye na simu ikatike, akaomba ikatike, lakini haikukatika, ikawa safi zaidi, safi hata akasikia pumzi mbili zikipishana, moja nyepesi na moja nzito, zikikaribiana polepole mpaka ikabaki moja.

"Weka simu chini!" alipiga kelele. "Kimbia kwa mama!"

"Kivuva," ikasema sauti ya binti yake, aliyekuwa hajawahi kumtaja baba yake kwa jina. "Kivuva, mwanangu, umekula?"

Kwa mbali Nzilani alikuwa akicheka. "Wee, nani amekufunza kuongea hivyo?"

Mbinya alinyoosha mkono akate. Kivuva akamshika. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani, maana akikata sasa hakujua ni nani angebaki Kitui ndani ya mwili wa binti yake.

"Nimekula, mwaitu," alijibu, machozi yakimtoka. "Sasa nipe mtoto wangu."

"Mtoto gani?" ikauliza ile sauti ndogo.