Uso wa Bibi Quitéria

Kila tarehe tano nilimshika Bibi Quitéria mkono, tukaenda duka la bahati nasibu ya serikali hapa Caruaru, Brazil. Pensheni hulipwa kwenye dirisha lile lile linalouza tiketi. Bibi aliwatania waliokuwa wakijaza namba zao: "Wenzangu mmekuja kutupa, mimi nimekuja kuchukua!"

Jicho lake la kushoto lilikuwa limekwisha kufa. La kulia lilikuwa na ukungu, na upasuaji ulipangwa Recife katikati ya mwezi uliofuata. Akiba ya mwaka mzima ilikuwa kwenye akaunti yake.

Mjomba Valdeci, mwanawe, aliijua namba ya siri. Sheria mpya ilikuwa imewazuia wanaopokea msaada wa serikali, kama yeye, kucheza kamari mtandaoni, na kampuni zililazimika kukagua uso wa kila mchezaji.

"Jucilene, mpige bibi picha kwa simu yangu, nitakununulia viatu," aliniambia. "Mwambie ni ya kumtumia mama mdogo kule São Paulo."

Nilijua huo ni uongo. Lakini viatu vyangu vilikuwa vimetoboka, nikajifanya sijui.

"Geuka kulia, bibi. Sasa kushoto. Fumba macho, fumbua."

"Picha gani hii, amri tupu kama jeshini?" bibi akacheka. Hata kitambaa cha kichwa alibadilisha, binti yake wa São Paulo amwone amependeza.

Tarehe tano iliyofuata, dada wa dirishani alitikisa kichwa. "Mama, humu hamna kitu. Akiba, pensheni, zote zimekwenda kampuni ya kamari."

"Kamari? Mimi hata bingo ya kanisani sichezi!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. "Sema kweli, bibi, umeshinda ngapi?"

Bibi akawa anaipapasa kaunta. Nilishindwa kuvumilia. "Ni mimi!" nikalia, nikaeleza yote mbele yao. Hakuna aliyecheka tena.

Mjomba aliapa kwamba atazirudisha pesa. Hakurudisha hata reali moja, na upasuaji ukafutwa. Yule dada alituelekeza kwenye tovuti ya serikali ambapo mtu hulifunga jina lake lisitumike kwenye kampuni yoyote ya kamari. Napo walitaka uso.

"Geuka kulia, bibi," nikasema.

"Safari hii picha ni ya nini?"

"Ya kuzuia jina lako lisichezewe kamari popote."

"Kweli?"

"Kweli, bibi."

Akageuka kulia, kisha kushoto, taratibu. Tulipomaliza, akanishika kidevu.

"Sheria ilimfungia mjomba wako mlango, wewe ukamfungulia kwa uso wangu. Serikali haiwezi kuja kukaa humu ndani ituchunge. Mimi sioni, Jucilene. Wewe ndiye unayeniambia kilicho mbele yangu. Basi niambie kama kilivyo, hata kikiwa kibaya."

Tangu Krismasi haoni kabisa. Kila asubuhi huniuliza barabarani kuna nini, nami humwambia, hata yakiwa ni matope tu.