Kengele ya Punje

Funikeni miguu kwanza. Hadithi hii ina baridi, na mimi sitaki mtu apige chafya katikati.

Haya. Juu kabisa milimani, huko Makete, aliishi mtoto mmoja jina lake Tusekile. Alikuwa na miaka sita, kofia ya sufu, na farasi saba.

Farasi wenyewe si wale warefu wa kwenye picha. Hawa walikuwa wafupi, wanene, wenye manyoya mpaka machoni. Kazi yao ilikuwa kubeba viazi kuteremka hadi barabarani.

Majina yao ni Ulezi, Mkaa, Chokaa, Soksi, Kiazi, na Bwana Haraka, ambaye tangu azaliwe hajawahi kufika popote mapema.

Wa saba ni Punje, mtoto wa Ulezi. Punje alikuwa na miezi minne tu, na miguu yake bado ilikuwa inagombana yenyewe kwa yenyewe.

Ukifika mwezi wa saba, baridi ya kule juu haina mchezo. Maji hulala maji, yakaamka barafu.

Basi kila asubuhi Tusekile alitoka na jiwe lake mpaka kwenye hori la maji. Ko. Ko. Kwacha. Barafu ikavunjika, farasi wakanywa.

Mama alileta majani makavu. Baba alikagua kwato, moja moja. Kisha farasi wote saba walikwenda malishoni, kila mmoja na kengele yake shingoni.

Kengele hizo si pambo. Kule juu ukungu ukishuka, huoni hata kidole chako mwenyewe. Kwa hiyo farasi huhesabiwa kwa masikio.

Kila jioni Mama alisimama langoni, akafumba macho, akasikiliza. Tusekile naye alifumba.

Bong. Beng. Tong. Teng. Tang. Tung.

Na nyuma ya wote, kidogo kabisa: ti-ti-ti.

"Saba," alisema Mama. "Funga lango."

Sasa sikilizeni kosa lilivyoingia.

Asubuhi moja kengele ya Punje ilikuwa imepoa kama barafu. Tusekile aliigusa, kidole kikauma. Ilipomgusa Punje kifuani, Punje alitetemeka mpaka mkia.

Tusekile akaona huruma. Yeye alikuwa na kofia, na kengele maskini haikuwa na kitu. Akachukua majani makavu, akayasokomeza ndani ya kengele mpaka ikajaa pomoni.

Akaiambia kengele kwamba sasa imevaa sweta. Akafurahi sana.

Msimcheke. Nia ilikuwa njema. Ila kengele iliyojaa majani hailii, na hilo Tusekile hakulifikiria.

Punje akamkimbilia mama yake. Haikusikika hata ti moja.

Ilipofika saa tisa alasiri, ukungu ukashuka. Ukameza kilima. Ukameza shamba la viazi. Ukameza hata choo, na mwenye haja akabaki nayo.

Tusekile hakuupenda ukungu hata kidogo. Alipouona, alinong'ona kama anavyonong'ona siku zote:

"Ukungu, ukungu, umemmeza nani?"

Farasi wakaanza kurudi. Mama akasimama langoni, akafumba macho. Tusekile naye akafumba.

Bong. Beng. Tong. Teng. Tang. Tung.

Kisha kimya.

Mama akasubiri. Tusekile akasubiri. Moyo wake ukapiga du, du, du.

Mama akafumbua macho. "Sita," alisema.

Ulezi akageuka, akauangalia ukungu, akamwita mwanawe. Hiii-hihihi. Kama kuna aliyemjibu, kengele za wenzake zilimfunika.

Baba akachukua kamba. Mama akamwambia aende upesi, kwa sababu barafu ya usiku huo ingekuwa nzito. Farasi wa miezi minne hawezi kulala nje peke yake akaamka.

Maneno hayo hakuambiwa Tusekile. Lakini aliyasikia yote.

Baba akaingia kwenye ukungu. Miguu yake ikapotea. Kisha mgongo. Kisha kofia.

"Ukungu, ukungu, umemmeza nani?"

Hapo ndipo Tusekile alipokumbuka yale majani. 

Alijua kitu ambacho Baba hakukijua. Baba alikuwa akitafuta kwa masikio, na kengele ya Punje haikuwa na sauti. Baba angeweza kupita karibu naye kabisa, asijue.

Aseme? Mama angekasirika.

Asiseme? Punje angelala kwenye barafu.

Tusekile akafungua mdomo. Akaufunga tena. Du, du, du.

Sauti ya Baba ikatoka ndani ya ukungu. "Nasikiliza, lakini sisikii kitu."

Sauti hiyo ilikuwa mbali. Ilipokuja mara ya pili ilikuwa mbali zaidi, kama ya mtu aliye ndani ya mtungi.

Sasa Tusekile akawaogopea wawili. Alimwogopea Punje, na alimwogopea Baba.

Akashika kitenge cha Mama kwa mikono yote miwili.

"Mama," alisema. "Kengele ya Punje hailii. Niliijaza majani, isione baridi."

Mama akaugeukia ukungu. 

Kisha akaweka mikono mdomoni, akamwita Baba kwa sauti yake yote. Akaita tena. Akaita mpaka kofia ya Baba ikatokea kwenye ukungu, kisha ndevu, kisha miguu.

Mama akamweleza. Baba akakuna ndevu zake. Alisema kengele isiyolia haitafutwi kwa sikio, na kwa macho ndiyo hivyo, ukungu umekataa. Na giza lilikuwa njiani linakuja.

Hakuna aliyemgombeza Tusekile. Afadhali wangemgombeza.

Nyuma yao farasi sita hawakutulia. Walikuwa wanatikisa shingo, wanapiga kwato.

Bong, beng, tong, teng, tang, tung. Bong, beng, tong, teng, tang, tung.

Kelele zilimzidi Tusekile, akaziba masikio. Dunia ikawa kimya.

Akayazibua. Akaziba tena. Akazibua. Kisha akamvuta Mama kitenge.

"Tuzizibe zote," alisema. "Kama ya Punje. Halafu tumsikilize mwenyewe."

Baba akamtazama Mama. Mama akainama, akachota majani makavu.

Wakaijaza kengele ya Ulezi. Bong ikanyamaza.

Wakaijaza ya Mkaa. Beng ikanyamaza.

Chokaa, Soksi, Kiazi. Tong, teng na tang zikanyamaza.

Wa mwisho alikuwa Bwana Haraka, maana hata kwenye kuzibwa alichelewa. Tung. Tu. Basi.

Kimya kile kilitisha. Tusekile hakuwahi kusikia nyumbani kwao kukiwa hivyo.

Alisikia matone ya ukungu yakidondoka kutoka kwenye bati. Tap. Tap.

Alisikia moyo wake. Du, du, du.

Na kisha akasikia kitu kingine. Kidogo sana.

Hrrr.

Hakikutoka mbali, kule alikokwenda Baba. Kilitoka hapo hapo karibu, nyuma ya shamba la viazi.

Wakaenda wote watatu, wameshikana mikono. Hatua moja. Nyingine. Ukungu uliwalowesha mpaka nyusi.

Mbele yao kikatokea kitu cheusi, kifupi, chenye nywele zilizosimama kila upande. Kikatikisika.

Miguu ya Tusekile ilitaka kukimbia. Lakini mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa Mama, na mkono wa Mama haukutetereka.

"Ukungu, ukungu," alinong'ona, "umemmeza nani?"

Hrrr, kitu kikajibu.

Kumbe ni Punje.

Alikuwa ametumbukia kwenye mtaro wa maji, matope yamemfika magotini. Magugu ya mtaroni yalimkaa kichwani, naye hakuwa na habari nayo. Alikuwa anatetemeka tu.

Baba akampitishia kamba kifuani. Mama akaingia mtaroni, akasukuma kwa nyuma. Tusekile akamkumbatia shingo, akamwambia asiogope, huku mwenyewe meno yanagongana.

Vuta. Vuta. Vuta tena.

Pwaa. Punje akatoka, na kiatu kimoja cha Mama kikabaki.

Vidole vya Tusekile vilikuwa vimekufa ganzi. Hata hivyo alivitia ndani ya kengele, akachomoa majani yote, mpaka jani la mwisho.

Punje akajitikisa.

Ti-ti-ti.

Kule langoni Ulezi akasikia, akaita. Hiii-hihihi. Na safari hii alijibiwa. Hihi. Hihi. Punje akaenda mbio kwa mama yake, miguu yake ikigombana njia nzima.

Alipewa maji ya uvuguvugu yenye pumba. Alisuguliwa kwa majani makavu mpaka manyoya yakasimama. Akafungiwa gunia mgongoni, na hilo ndilo likawa sweta lake.

Tusekile akapewa kazi ya kuzizibua kengele nyingine sita. Alizizibua zote peke yake, na hakunung'unika.

Kisha akaoshwa miguu, akala viazi vya moto, akavalishwa kofia, akaingia kitandani. Mama akamfunika blanketi mbili, akakaa kando yake.

"Majani yaliziba kengele," alisema Mama. "Na wewe ulizibwa na nini, mwanangu?"

Tusekile akafikiri.

"Woga," alisema.

"Umeshatoka?"

"Umebaki kidogo."

Mama akacheka. Akamwambia kidogo si neno, hata yeye bado alikuwa nao. Cha muhimu mdomo ulifunguka, na Punje yuko zizini.

Nje, barafu ikaanza kushuka juu ya majani, juu ya lango, na juu ya kiatu cha Mama kule mtaroni. Zizini farasi wakasogeleana, mgongo kwa mgongo.

Tusekile akafumba macho, akasikiliza.

Bong. Beng. Tong. Teng. Tang. Tung.

Akasubiri. Du, du.

Ti.

"Saba," alisema Tusekile.

"Funga lango," alisema Mama.

Tusekile akalala.

Nami nimefika mwisho. Ile baridi nimeiacha huko huko Makete, haiji humu. Haya, na nyie fungeni macho.